Kubuni Manowari za Ulinzi wa Pwani za Kati ya Vita Kuu Mbili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wale wenye mchezo wa kubuni meli ambazo hazikuundwa: unachukua nchi halisi, mwaka halisi na hazina yenye matobo yake halisi, kisha unachora chombo ambacho nchi hiyo ingeweza kukiagiza lakini haikukiagiza. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara. Majibu mengine ni marefu kwa sababu ukikosea hapo, kila kinachofuata kinaharibika. Mengine hayahitaji zaidi ya mistari miwili.

Manowari ya ulinzi wa pwani ni chombo cha namna gani?

Ni meli fupi, pana, yenye mizinga mikubwa kupita umbo lake na deraya (mabamba ya chuma ya kinga) ubavuni, iliyoundwa kupigana karibu na bandari yake. Ufini, Uswidi, Norwei, Denmark, Uholanzi na Siam (Thailand ya leo) zilikuwa nazo katika kipindi cha 1919 hadi 1939. Za Siam zilikuwa na uzito wa tani 2,000 na kitu, kubwa za Uswidi zilipita tani 7,000. Manowari kubwa za mataifa makuu wakati huo ziliruhusiwa kufika tani 35,000. Chombo chetu hakina mafuta ya kuvuka bahari kuu, na mara nyingi hakina mbio za kumfukuza mtu.

Usikichanganye na monita za Uingereza kama Erebus na Terror zenye mizinga ya inchi 15. Hizo ziliundwa ili ziende kuipiga pwani ya adui. Hizi hukaa kwao zikimngoja mgeni.

Itaweza kuishinda manowari kubwa?

Haiwezi, na haikuundwa kwa kazi hiyo. Wabunifu wengi hupotelea hapa: wanaipa meli ya tani 6,000 mizinga ya inchi 15 ili "isidharauliwe", na mwisho wanapata boya lenye mitutu.

Jiulize adui angetuma nini. Taifa kubwa halileti manowari yake bora kuteka kisiwa cha nchi ndogo. Linaleta kruza (meli za vita za ukubwa wa kati zenye mbio), destroya (ndogo zaidi na za kasi) na meli za kubeba askari. Kruza nzito iliyoruhusiwa na Mkataba wa Washington wa 1922 ilikuwa ya tani 10,000 na mizinga ya mm 203, na nyingi kati yake zilikuwa na deraya nyembamba. Kombora la mzinga wa Uingereza wa mm 203 lilikuwa na kilo 116 hivi. Kombora la mm 254 la meli za Ufini lilikuwa na kilo 225. Nahodha wa kruza anayejua kwamba nyuma ya kisiwa kipo chombo cha namna hiyo hawezi kuingia kwa raha. Mkubwa wake inabidi aamue: waache safari, au walete manowari kubwa kwenye maji machache yenye miamba, nyambizi na mabomu ya kutegwa. Akianza kukuna kichwa, meli yako imekwisha kufanya kazi yake kabla ya kufyatua kombora hata moja.

Nianze na mizinga au na mwili wa meli?

Anza na ramani ya bahari. Mfano ulio bora ni wa Ufini, kwa hiyo nitaueleza kwa kituo.

Mwaka 1925 boti ya torpedo ya Ufini, S2, ilizama katika dhoruba na watu wote 53 waliokuwamo wakafa. Ilikuwa chombo kikuukuu kilichorithiwa kutoka kwa Warusi. Msiba ule ulisukuma bunge, na mwaka 1927 ikapitishwa sheria ya kuunda jeshi jipya la majini. Sasa tazama ramani waliyokuwa nayo. Visiwa vya Åland viko mlangoni mwa Ghuba ya Bothnia, na mkataba wa 1921 ulikataza kujenga ngome huko. Vita ikitokea, Ufini ilibidi ipeleke mizinga mizito haraka, na njia ya kuipeleka ilikuwa maji. Njia hiyo hupita katikati ya maelfu ya visiwa vidogo kusini-magharibi mwa nchi, penye mikondo myembamba na kina kifupi. Na wakati wa baridi bahari huganda.

Kutokana na hayo manne (Åland, visiwa, kina, barafu) meli ilijichora yenyewe. Usanifu ulitoka katika ofisi ya Kiholanzi mjini The Hague ambayo nyuma yake walikuwapo Wajerumani waliokatazwa kubuni nyambizi kwao. Kiwanda cha Crichton-Vulcan mjini Turku kikaziunda Väinämöinen na Ilmarinen. Urefu m 93, upana karibu m 17, mzamo (yaani sehemu ya mwili iliyo chini ya maji) m 4.5 tu, uzito tani 3,900. Mizinga minne ya mm 254 katika tareti mbili, yaani nyumba za chuma zinazozunguka. Mizinga minane ya mm 105 inayoweza kulenga meli na ndege pia. Omo, yaani sehemu ya mbele, lilichongwa kwa namna ya kuvunja barafu. Injini za dizeli ziliendesha jenereta, na mota za umeme zikazungusha rafadha, mpango unaofaa meli inayolazimika kubadilisha mwendo na kurudi nyuma kila mara katikati ya visiwa na barafu. Mbio zake zilikuwa maili 14 na nusu za baharini kwa saa, yaani noti 14.5. Ilitosha, kwani hapakuwa na mbali pa kwenda.

Basi nikopi Väinämöinen kwa nchi yoyote?

Hapana. Ichukue Norwei, jirani wa pembeni tu. Fiodi zake (ghuba nyembamba zinazoingia kati ya milima) ni za kina kirefu mno, kwa hiyo mzamo si tatizo. Pwani ni ndefu na imeelekea bahari ya wazi, kwa hiyo unahitaji mbio zaidi kidogo na ubavu mrefu juu ya maji ili mawimbi yasikalie sitaha. Barafu haikusumbui sana. Chombo cha Ufini kingefika Narvik na mabaharia waliotapika mpaka nyongo.

Mifano ya chini nimeijenga juu ya Norwei ya miaka ya 1930, ambayo manowari zake za pwani, Norge na Eidsvold, zilikuwa zimeundwa mwaka 1900 na bado zilikuwa kazini. Kuna nafasi ya kubuni mbadala wake bila kulazimisha historia.

Hesabu ya uzito inaanzaje?

Zidisha urefu, upana na mzamo, kisha zidisha na kigawe cha umbo (sehemu ya sanduku la vipimo hivyo inayojazwa na mwili wa meli), ambacho kwa meli za aina hii huwa kati ya 0.53 na 0.60. Mwili wenye urefu wa m 110, upana m 18, mzamo m 5 na kigawe 0.56 unachukua meta za ujazo 5,544. Maji ya bahari kuu yana tani 1.025 kwa kila meta ya ujazo, kwa hiyo chombo kizima kitakuwa na tani 5,683. Huo ndio mfuko wako. Huruhusiwi kutoa zaidi ya kilichomo.

Jambo moja ambalo wengi hawalioni: Ghuba ya Ufini ina chumvi kidogo sana, maji yake yanakaribia ya mto. Meli hiyohiyo ikipelekwa huko inazama zaidi kwa sentimita 8 hivi. Kwenye mkondo ambapo una nusu meta chini ya mkuku, sentimita 8 si kitu cha kupuuza.

Mgawanyo wangu wa tani 5,683 kwa Norwei ni huu. Mwili na vifaa vyake vya kudumu, 2,050. Deraya yote, 1,300. Tareti mbili za mm 254 pamoja na makombora na baruti, 700. Mizinga midogo na ya kutungulia ndege, 200. Mitambo ya mvuke, 450. Mafuta, 450. Watu, maji, chakula, mashua na makorokoro, 300. Jumla ni 5,450, inabaki akiba ya tani 233, kama asilimia nne. Usiile akiba hiyo. Kila meli halisi huongezeka uzito kati ya mchoro na kukabidhiwa, kisha huongezeka tena kila inaporudi chelezoni.

Niweke deraya nene kiasi gani?

Kwanza fanya hesabu hii kwa mkono wako. Chuma kina tani 7.85 kwa meta ya ujazo. Mkanda wa ubavuni wenye urefu wa m 60, kimo cha m 3 na unene wa mm 150, pande zote mbili, ni meta za ujazo 54, yaani tani 424. Sitaha ya deraya inayofunika eneo hilohilo, m 60 kwa m 18, yenye unene wa mm 50, nayo ni meta za ujazo 54. Tani 424 zilezile.

Kwa maneno mengine, kila milimita ya sitaha inakugharimu kama milimita tatu za ubavu. Ndiyo maana wasanifu wa zamani waliona uchungu kuweka sitaha nene, na ndiyo maana meli nyingi za kipindi hiki zilikuja kuumizwa kutoka juu.

Kwa kuwa mpinzani uliyemchagua ni kruza ya mm 203, linda mitambo na maghala ya baruti dhidi ya kombora hilo, halafu acha. Wafini walikuwa wakali zaidi kwa nafsi zao: mkanda wao ulikuwa wa mm 50 na ushee tu, wakitegemea kujificha nyuma ya visiwa. Ni uamuzi wa ujasiri, na kwa maji yale naona ulikuwa sahihi. Kwa bahari ya wazi usingefaa.

Mbio je? Mbona kila mtu anasema noti 16 zinatosha?

Kwa sababu kila noti ya ziada ina bei. Nguvu inayohitajika hupanda karibu na mchemraba wa mwendo. Mwili wangu wa tani 5,683 unahitaji kama nguvu farasi 6,500 kwenda noti 16. Kuufikisha noti 22 unahitaji karibu 17,000, zaidi ya mara mbili na nusu, na boila, chumba na mafuta ya kulisha nguvu hiyo. Ukitaka noti 28 umeshaondoka kwenye manowari ya pwani; unabuni kruza na hujijui.

Meli za Uswidi za aina ya Sverige zilikwenda noti 22 na kitu zikiwa na mizinga minne ya mm 283, kwa hiyo jambo linawezekana. Lakini zilikuwa na tani 7,000 na zaidi.

Mizinga mingapi, na ya ukubwa gani?

Minne, katika tareti mbili, moja omoni na moja tezini, yaani nyuma. Sababu yake ni ulengaji. Afisa aliye juu mnarani anatazama maji yanavyoruka pale makombora yanapotua, kisha anarekebisha masafa. Mkupuo wa makombora manne unampa picha. Makombora mawili yanamwacha akibahatisha. Hilo lilikuwa tatizo la Norge na Eidsvold, zilizokuwa na mizinga miwili tu ya mm 210, mmoja omoni na mmoja tezini.

Kuhusu ukubwa, kumbuka kwamba uzito wa kombora hufuata mchemraba wa kipenyo cha mtutu, na tareti hufuata kombora. Tareti ya mitutu mitatu ya mm 283 ya Deutschland ya Ujerumani ilikuwa na tani 600 hivi. Weka mbili katika tani 5,683 uone kinachobaki. Kati ya mm 240 na 283 ndipo penye raha kwa meli ya tani 4,000 hadi 8,000.

Mrama una ubaya gani? Si mabaharia wamezoea?

Mabaharia wamezoea, kifaa cha kulengea hakijazoea. Meli pana yenye mzamo mfupi huwa na msawazo mkali: ikilala ubavu inarudi kwa kishindo. Kanuni ya haraka ya kukadiria muda wa mrama mmoja, kwenda na kurudi, kwa sekunde, ni 0.8 mara upana, gawanya kwa kipeuo cha pili cha urefu wa metasenta (kipimo cha msawazo wa meli, kwa meta). Kwa upana wa m 18 na metasenta ya m 2.25 unapata sekunde 9.6. Ishushe metasenta hadi m 1 unapata sekunde 14.4, jukwaa tulivu zaidi la kupigia mizinga. Ila sasa ukitobolewa ubavu mmoja huna akiba ya kusimama.

Väinämöinen na Ilmarinen zilijulikana kwa kwenda mrama vibaya zikitoka nje ya visiwa: mwili mpana, mzamo mfupi, na mnara mrefu wa kulengea juu yake. Hata hivyo Väinämöinen ilivuka Bahari ya Kaskazini mwaka 1937 kuhudhuria gwaride la majini la kutawazwa kwa Mfalme George VI huko Spithead. Nawahurumia waliokuwa juu ya mnara ule.

Mikataba ya silaha inanihusu?

Inategemea nchi. Mkataba wa Washington uliwafunga Uingereza, Marekani, Japani, Ufaransa na Italia. Nchi ndogo hazikuwamo. Lakini ulihesabu kuwa manowari kubwa chombo chochote chenye zaidi ya tani 10,000 au mzinga unaozidi mm 203, na hesabu hiyo ikawa kawaida ya mazungumzo yote. Mkataba wa London wa 1936 ukaweka fungu dogo: meli isiyozidi tani 8,000 yenye mzinga unaozidi mm 203. Ukitaka mpaka wa juu unaoaminika kwa mchoro wa baada ya 1936, ndio huo.

Angalia pia kwamba tani za mkataba hazihesabu mafuta wala maji ya akiba ya boila. Tani zangu 5,683 za hapo juu zina mafuta ndani yake. Kwa hesabu ya mkataba meli hiyo ni nyepesi zaidi, na wanasiasa wa Oslo wangetangaza tarakimu ile ndogo bila kupepesa macho.

Mizinga na deraya nchi ndogo ingevipata wapi?

Hili ni swali zuri kuliko linavyoonekana, maana muuzaji ndiye anayeamua nusu ya usanifu. Bofors ya Uswidi ndiyo iliyokuwa duka la jirani: mizinga ya mm 254 na ya mm 105 ya Ufini ilitoka huko.

Denmark inaonyesha mambo yakiharibika. Niels Juel ilianza kuundwa mwaka 1914 ikitarajiwa kubeba mizinga miwili ya mm 305 ya Krupp, kampuni ya Ujerumani. Vita vikaingia kati. Meli ilikamilika 1923 ikiwa na mizinga kumi ya mm 150 kutoka Bofors, yaani mwili wa manowari ya pwani wenye meno ya chombo cha mafunzo. Norwei nayo iliagiza manowari mbili Uingereza, Bjørgvin na Nidaros. Vita vilipoanza, Waingereza wakazichukua na kuziita Glatton na Gorgon. Glatton iliungua Dover Septemba 1918. Gorgon ilibaki, lakini marekebisho ya Kiingereza yalikuwa yameifanya isiwafae tena wenyewe.

Kwa hiyo ukibuni meli ya 1938 ambayo mizinga yake inatoka ng'ambo, andika pia tarehe ya kufikishwa. Baada ya Septemba 1939 usitarajie mzigo.

Fedha zingepatikana?

Tafuta nchi ilichonunua kweli, kisha useme wazi ni kipi unakifuta. Norwei ya miaka ya 1930 iliunda destroya ndogo za aina ya Sleipner. Mchoro wangu unazila kadhaa. Estonia iliziuza destroya zake mbili kwa Peru mwaka 1933, na baadaye ikachukua nyambizi mbili, Kalev na Lembit, kutoka Uingereza. Ukiipa Estonia manowari ya pwani, lazima nyambizi hizo zipotee.

Wakati mwingine fedha hutoka pasipotarajiwa. Serikali ya Uswidi ilipoahirisha kuunda Sverige, wananchi walichangishana mwaka 1912, wakakusanya zaidi ya kronor milioni 15 ndani ya miezi michache. Serikali ikabaki haina la kusema.

Kwa nini nchi isijenge ngome za nchi kavu ikamaliza?

Mara nyingi ingepaswa kufanya hivyo. Tarehe 9 Aprili 1940 Norwei ilipata majibu yote mawili siku moja. Huko Narvik, Eidsvold ilipigwa torpedo na destroya Wilhelm Heidkamp kabla haijafyatua. Ikakatika, watu 6 tu wakanusurika. Norge ilifyatua makombora kadhaa katika theluji, ikapigwa torpedo na Bernd von Arnim, ikapinduka. Kusini, kwenye fiodi ya Oslo, ngome ya Oscarsborg yenye mizinga ya Krupp ya mm 280 ya karne ya 19 na torpedo zilizofichwa mwambani iliizamisha kruza mpya kabisa, Blücher.

Ngome haizami, na haihitaji mitambo wala mafuta ya kuisogeza. Ila haihami. Utetezi wa kuunda meli unasimama tu ikiwa una sehemu nyingi za kulinda, au, kama Åland, sehemu ambayo hairuhusiwi kujengwa ngome. Kama bandari yako ni moja na mlango wake ni mmoja, tupa mchoro ukachimbe mwamba.

Programu ya Springsharp inakataa mchoro wangu. Nifanyeje?

Springsharp ni programu ya bure inayotumiwa na wengi katika mchezo huu. Unaingiza vipimo, mizinga, deraya na mitambo; inakurudishia uzito, uimara wa mwili, msawazo na tabia ya meli katika mawimbi. Isikilize, ila usiiabudu. Haijui kina cha bandari yako, haijui bei, na haijui kama kiwanda chako kina chelezo cha kutosha. Meli fupi zenye silaha nzito huisumbua.

Thonburi na Sri Ayudhya za Siam ni dawa nzuri ya kiburi cha programu. Kiwanda cha Kawasaki cha Kobe kiliziunda kwa kubana mizinga minne ya mm 203 katika tani 2,265 na urefu wa m 77. Wengi wakiona mchoro huo wangesema hauwezekani. Uliwezekana, kwa kuacha mbio (noti 15.5) na bahari kuu.

Thonburi ilipigana, sivyo? Inatufundisha nini?

Ilipigana Ko Chang tarehe 17 Januari 1941 dhidi ya kikosi cha Wafaransa kilichoongozwa na kruza Lamotte-Picquet, yenye mizinga minane ya mm 155 na mbio zaidi ya mara mbili ya zake. Kombora lilitua kwenye daraja la kuongozea mapema, likamuua mkuu wa meli, na tangu hapo kila tareti ikawa inalenga kivyake. Mizinga mikubwa haikusaidia kitu. Thonburi ikawaka moto, ikakwama, ikapinduka.

Ukiniuliza ningebadilisha nini, nisingegusa mizinga wala mkanda. Ningechukua tani 40 nikaweka kituo cha pili cha ulengaji nyuma, chenye kifaa chake cha kupimia masafa na simu zake, mbali na daraja. Michoro mingi ya mtandaoni ina tareti zilizopakwa rangi vizuri na haina kituo hicho.

Na ndege?

Februari 1933 mabaharia wa De Zeven Provinciën, manowari ya pwani ya Kiholanzi huko Indonesia ya leo, waliasi kwa sababu ya kukatwa mishahara. Ndege moja ya Dornier ikadondosha bomu la kilo 50 sitahani. Watu 23 walikufa na uasi ukaisha hapohapo. Mbunifu wa 1934 hana kisingizio cha kusema hakujua.

Mizinga minane ya mm 105 ya Wafini ilikuwa jibu zito kwa meli ya tani 3,900. Majira ya baridi ya 1939 hadi 1940, barafu ilipozifunga, meli zote mbili zilikaa Turku zikiilinda bandari dhidi ya ndege za Kisovyeti. Julai 1944 Wasovyeti walituma ndege zaidi ya 130 Kotka kuizamisha Väinämöinen, wakaizamisha Niobe ya Wajerumani wakidhani ndiyo. Kwa mchoro wa baada ya 1935, weka angalau mizinga minane ya kiasi hicho pamoja na ya mm 40, hata kama inakubidi upunguze mkanda.

Mabomu ya kutegwa baharini?

Ndiyo yaliyoiua Ilmarinen. Septemba 13, 1941, ikiwa katika safari ya kumhadaa adui upande wa visiwa vya Estonia, iligonga mabomu, ikazama ndani ya dakika saba. Watu 271 walikufa. Mwili wa kina kifupi hauna nafasi ya vyumba vingi vya kuzuia maji chini. Gawanya kadiri unavyoweza, na usiiandikie meli yako hadithi ambamo inatembea kila mahali salama.

Kuna uhusiano wowote na pwani ya Afrika Mashariki?

Na manowari za pwani zenyewe, hapana. Na binamu zake, ndiyo. Severn na Mersey, monita za mto zilizoagizwa na Brazil kwa ajili ya Amazon na kununuliwa na Uingereza mwaka 1914, zilivutwa kwa kamba mpaka kwenye delta ya Rufiji. Julai 11, 1915 ziliimaliza kruza ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha ndani, huku ndege zikizielekeza mahali makombora yalikotua. Meli kubwa za Waingereza zilishindwa kuingia kwa sababu ya kina. Mzamo wa monita hizo haukufika m 2. Mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa. Ukipita, tazama mtutu wa mm 105 kwa macho yako, kisha ufikirie wa mm 254.

Meli yangu niipe jina gani?

Fuata desturi ya nchi. Wafini walitumia mashujaa wa ngano zao, Waswidi wafalme na malkia, Wadenmark maamiri wa kale. Norwei ilikuwa na wafalme wa zamani na mashujaa wa bahari, na Eidsvold ni mahali ilipoandikwa katiba ya 1814. Mchoro wangu wa tani 5,683 bado hauna jina. Bjørgvin lipo wazi, kwani mwenye nalo wa kwanza alichukuliwa na Waingereza kabla hajalitumia.